Limi Aliiona Mvua kwa Juu

Limi alizaliwa kwenye nchi tambarare ya Shinyanga, nchi ambayo ukiwa umeketi mlangoni unamwona mgeni tangu akiwa mdogo kama sisimizi kule mwisho wa mbuga, na unaweza kusonga ugali ukaiva kabla hajaingia uani. Milima aliyoijua ni yale majabali ya kwao, ambayo watoto huyapanda wakicheza na wanawake huanika juu yake michembe, vile viazi vitamu vya kukatwa na kukaushwa. Jina lake kwa Kisukuma maana yake ni jua. Alipewa kwa sababu mwaka aliozaliwa jua lilikaa angani kama limepigiliwa msumari, na watu walichoka hata kuizungumzia mvua.

Alipoolewa alimfuata mumewe, Shilinde, aliyekuwa akihamisha ng'ombe kutafuta malisho, mpaka wakaishia Nyantakara, wilayani Biharamulo. Walikuta miombo, wakafyeka, wakalima mahindi na pamba. Ardhi ya huko ilikuwa na mabonde madogo madogo, lakini jembe la ng'ombe lilipita bila shida, na Limi akaona hakuna kilichobadilika sana isipokuwa miti. Shilinde alifia hapo na kuzikwa pembeni mwa zizi, kama ilivyo desturi yao. Rogasian, mtoto wao wa kwanza, alifungua duka la spea za pikipiki pale Nyakanazi, akaoa, akapata watoto. Wema, kitindamimba, alikwenda kujifunza cherehani Biharamulo mjini, na huko akakutana na fundi ujenzi mmoja aliyeitwa Jovitus, Mhangaza wa Kirushya, Ngara. Wakaoana, akahamia kwa mumewe milimani.

Tangu hapo Limi alikuwa na neno moyoni ambalo hakumwambia mtu. Alikuwa amesikia kwa wapakiaji wa malori kwamba Ngara ni nchi iliyosimama wima, kwamba watu wa huko hulima mahali ambapo mbuzi wa kawaida angefikiri mara mbili, na kwamba ng'ombe wa kulima hawana kazi kule maana jembe lingewaburuta wao. Wema alipokuja kusalimia, mama yake alimkanda miguu jioni kama alivyokuwa akifanya zamani, akayakuta mashavu ya miguu yamekaza kama mpini. Usingizi wa siku hiyo ulikuwa mbaya. Aliona wamemchukua mtoto wake mpole, mtoto wa kushona nguo, wakamfanya punda.

Yeye mwenyewe hakuwahi kwenda. Mara alikuwa na msiba, mara magoti, mara ng'ombe wana ugonjwa, na kila sababu ilikuwa ya kweli. Ila ya kweli kuliko zote ni kwamba aliogopa. Mahali ambapo huoni mbali, utajuaje kinachokujia?

Mwaka huo shule zilipofungwa mwezi wa Desemba, habari zilikuja kwamba Wema amejifungua mtoto wa kike baada ya miaka mingi ya kungoja. Watoto wa Rogasian, Joyness aliyekuwa sekondari na mdogo wake aliyerithi jina la babu Shilinde, wakaanza kumsumbua baba yao awapeleke kwa shangazi. Rogasian alikuwa na kigari cheupe chenye mgongo mrefu, alichotumia kufuatia mizigo ya duka. Akapiga hesabu ya safari na mkewe, Happyness, kisha wakaenda kumwambia mama, wakijua atataja magoti. Limi aliwasikiliza mpaka mwisho, akasema atakwenda nao. Mtoto mchanga, alisema, hawezi kumfuata yeye.

Waliondoka asubuhi umande ukiwa bado kwenye majani. Nyuma ya gari kulikuwa na gunia la michembe, dumu la samli, na jogoo aliyefungwa miguu ambaye alitoa kichwa kwenye kikapu na kutazama kila kitu. Limi aliketi mbele kwa heshima yake, mkono mmoja umeshika kishikio kilicho juu ya dirisha, na hakukiachia hata pale barabara iliponyooka kabisa. Walipita Lusahunga, wakaingia kwenye msururu wa malori yaendayo Rwanda na Burundi. Baada ya Nyakahura nyumba zilipungua, pori likasogea mpaka ukingoni mwa lami, na barabara ikaanza kuinuka.

Kilima cha kwanza kilipotokea mbele Limi aliuliza kama huo ndio mlima. Joyness, ambaye alikuwa amesoma habari za milima darasani na kuzishika, akamwambia bado. Kikatokea kingine kikubwa zaidi, bibi akauliza tena, akajibiwa vilevile. Kwa mara nyingine akauliza, na safari hii Joyness akasita kidogo kabla ya kusema bado. Baada ya hapo Limi aliacha kuuliza. Vilima vilikuwa vinakuja vyenyewe, kila kimoja nyuma ya mwenzake, kama ng'ombe wanaotoka zizini.

Kwenye mpando mmoja mrefu walilikuta lori limejaa shehena likipanda polepole kuliko mtu anavyotembea. Ubavuni mwake alikuwa anatembea utingo mwenye mvi kidevuni, mkononi ameshika gogo, tayari kulitia nyuma ya tairi kama lori lingeshindwa na kuanza kurudi. Alitembea hivyo bila kuondoa macho kwenye tairi. Rogasian hakuthubutu kulipita mahali pale, akawa nyuma yake, na Limi akapata muda wa kutosha wa kumtazama yule mzee na gogo lake. Akafikiri kwamba nchi ambayo hata chuma kinahitaji kusindikizwa na mtu ili kisirudi nyuma ni nchi ya kuogopwa kwa haki.

Walipita Benaco, wakaacha malori yaelekee Rusumo, wao wakashika njia ya Ngara. Huko sasa barabara iliacha mzaha. Ilijikunja, ikapanda, ikajikunja tena, na kila kona ilipoisha dunia ilikuwa imeshuka zaidi upande wa Limi. Mwanzoni alifumba macho. Kisha akaona akifumba ni vibaya zaidi, maana tumbo lake lilikuwa linaona lenyewe. Akayafumbua.

Karibu na mgongo wa mlima gari lilianza kutoa mvuke mbele. Rogasian akalisogeza pembeni palipokuwa na nafasi, akafungua boneti na kusema rejeta imechemka, hakuna la kufanya ila kungoja ipoe. Happyness akawatoa watoto na kuwakataza kusogea ukingoni. Limi akashuka taratibu, akajinyoosha mgongo, akazunguka nyuma ya gari kutafuta kivuli. Hakukipata kile kivuli. Alipogeuka, nchi yote ilikuwa mbele yake.

Ilikuwa milima mpaka mahali macho yanapoishia. Ya karibu ilikuwa kijani, na migomba na nyumba zimeikalia mpaka juu. Ya nyuma yake ilikuwa ya buluu, na ya nyuma zaidi ilikuwa imefifia kama moshi, na huwezi kujua kama ile ya mwisho ni mlima au ni anga imejichora. Kule chini kabisa mto ulikuwa unang'aa kidogo, unapotea, unang'aa tena. Limi alikuwa amefikiri kwamba milimani mtu haoni mbali. Kumbe hajawahi kuona mbali hivi tangu azaliwe.

Lakini kilichomshika hakikuwa hicho. Upande wa kushoto, ndani ya bonde, kulikuwa na wingu. Lilikuwa chini yao. Mgongo wake ulikuwa mweupe, umevimba kama pamba iliyorundikwa, na jua lilikuwa linaupiga. Tumboni lilikuwa jeusi, na kutoka hapo nyuzi za mvua zilikuwa zinashuka juu ya mlima mdogo wenye nyumba. Nusu ya mlima ilikuwa inalowa na nusu ilikuwa kavu. Mabati ya upande mkavu yalikuwa yanang'aa kwa jua. Wingu lilikuwa linatembea kuelekea huko, na watu wadogo kama punje walitoka ndani mbio, wakaanza kuanua kitu walichokuwa wamekianika uani, pengine maharage. Limi alitaka kuwaambia wafanye haraka. Aliona mvua ilipofikia na wao hawakuiona.

Alisimama pale, na mwili wake ukasisimka kuanzia shingoni. Maisha yake yote mvua ilikuwa juu. Alikumbuka akiwa msichana mdogo, mwaka wa ukame, alivyofuatana na mama yake na wanawake wengine kwenda kwa mzee wa mvua, jinsi walivyokaa kwenye vumbi wakiimba, na jinsi shingo ilivyomuuma kwa kutazama juu siku nzima mahali ambapo hapakuwa na kitu. Nyantakara pia, kila msimu, Shilinde alisimama uani asubuhi akitazama juu. Wote walikuwa wameishi chini yake kama watoto wanavyoishi chini ya meza ya wakubwa, wanangoja kinachodondoka. Na sasa yeye, Limi, ameletwa kwa kigari cha spea mahali ambapo mtu anauona mgongo wa wingu.

Akapiga magoti. Alipiga yote mawili kwenye changarawe, kama mwanamke wa kwao anavyomsalimia mkwe, akapiga makofi ya taratibu na kuinamisha kichwa. Rogasian akadhani mama ameanguka, akaacha boneti wazi na kumkimbilia kumnyanyua.

Limi akamwambia, "Niache kwanza. Nasalimia."

Rogasian akasimama hajui mikono aiweke wapi. Joyness alikuwa ameinua simu apige picha, akaishusha. Mdogo wake Shilinde hakuona haya kuuliza.

"Bibi, unamsalimia nani?"

"Simjui," Limi alisema. "Lakini si vizuri kupita kimya."

Mtoto akalifikiria hilo, kisha naye akapiga magoti pembeni ya bibi yake na kusema shikamoo kuelekea bondeni. Hakuna aliyemcheka. Wakakaa hivyo mpaka wingu likafunika ule mlima mdogo wote, mabati yakazimika moja baada ya jingine, na harufu ya udongo uliolowa ikapanda kutoka chini ikawafikia wao wakiwa juani, wakavu.

Gari lilipopoa waliendelea.

Baada ya Ngara mjini lami ilibaki nyuma. Barabara ya kwenda Kirushya ilikuwa ya udongo mwekundu, na mvua ilikuwa imeshapita hapo kabla yao, hivyo ikawa inateleza kama imepakwa sabuni. Rogasian aliendesha akiwa ameinamia usukani. Happyness alisali kwa sauti ya chini, watoto wakanyamaza, na jogoo ndiye pekee aliyekuwa na la kusema. Kwenye mteremko mmoja sehemu ya nyuma ya gari ilikwenda upande wake bila ruhusa, na gurudumu likatumbukia kwenye mtaro ulio upande wa mlima. Wote wakashuka salama. Upande wa pili wa barabara hapakuwa na mtaro wala kitu chochote, na kila mtu aliona hivyo, na kila mtu akakaa nalo moyoni.

Rogasian akatoa simu ampigie Jovitus. Simu ikatoa mlio wa ujumbe, akasoma: mtandao wa nchi jirani ulikuwa unamkaribisha Burundi. Akatembea huku na huku akiinyoosha juu, na mara nyingine ikamkaribisha tena. Ilibidi acheke ingawa hakuwa na hali ya kucheka.

Akatokea mwanamke mmoja aliyebeba mzigo wa nyasi kichwani, akasalimia, akauliza wanakwenda kwa nani. Aliitwa Anjelika, wakaja kulijua jina lake baadaye. Walipomtajia Wema mke wa Jovitus, uso wake ukachangamka. Akatua nyasi, akaenda mpaka ukingoni kabisa, mahali ambapo Limi alishindwa hata kumtazama, akaweka viganja pembeni mwa mdomo na kuita. Aliita kwa Kihangaza, maneno machache yaliyovutwa kwa urefu. Sauti ikaondoka ikavuka bonde.

Kikapita kimya kifupi. Kisha mlima wa upande wa pili ukajibu.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya juu na safi, na haikuonekana inakotoka. Ilijibu, ikanyamaza, kisha ikaanza kuita upya. Sasa haikumwita Anjelika. Ilikuwa inataja majina, na kila jina likitajwa, sauti nyingine ya mwanamume au mwanamke ilitokea mahali pengine kwenye miteremko, nyuma ya migomba, kwenye mashamba ya kahawa, hata chini kabisa karibu na kijito. Bonde zima lilikuwa na watu, na ile sauti moja ilikuwa inawaokota mmoja mmoja. Na kila ilipotulia, milima ilikuwa inairudia kidogo, kama mtu anayejikumbusha alichosikia.

Vinyweleo vya mikononi mwa Limi vilisimama. Alimuuliza Anjelika ni nani huyo anayeita.

"Ni Wema," Anjelika akasema, akishangaa kuulizwa. "Si ndiye mnayemfuata?"

Limi akamwambia haiwezekani. Wema wake alikuwa mtoto aliyeongea kama anayeomba radhi. Akitumwa kwa jirani kuomba kijinga cha moto alirudi mikono mitupu, kwa kuwa alisimama mlangoni akabisha hodi na hakuna aliyemsikia. Walimu walimlalamikia Shilinde kwamba hawajui kama mtoto anajua kusoma, hawajawahi kumsikia. Anjelika alisikiliza habari hizo kwa adabu, kama mtu anayesimuliwa habari za mtu mwingine.

Watu wakaanza kuteremka. Walikuja kwa njia ambazo Limi hakujua kama ni njia, wengine na majembe, wengine na mapanga, mzee mmoja na kamba begani. Walisalimia, wakalitazama gari, wakakata magogo ya migomba na kuyalaza mbele ya gurudumu. Na kwenye ule mlima wa pili akatokea mwanamke aliyefunga mtoto mgongoni, anashuka. Alishuka kwa haraka, miguu mitupu, bila kutazama chini, akageuka kona za kijia kile kama maji yanavyogeuka. Akapotea kwenye kijito, akatokea upande wao, akapanda bila kupumzika mpaka alipofika barabarani. Hakuwa hata anahema.

Akapiga magoti kwenye tope mbele ya Limi.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, mwanangu," Limi alisema. Alimshika kichwa kwa mikono yote miwili. Baadaye Happyness alisimulia kwamba hajawahi kumwona mkwewe analia, hata msibani, na kwamba hata siku ile hakuwa na hakika, maana ukungu ulikuwa umeanza kuingia.

Wanaume wakaliinua gari kama wanainua kitanda. Jovitus naye alifika akitokea kazini, suruali ina madoa ya saruji, akaelekeza gari liachwe kwenye uwanja wa duka lililokuwa jirani, kwa kuwa kutoka hapo ni miguu. Kulikuwa na mazungumzo kidogo kuhusu Limi. Watu wa milimani wana machela yao ya kubebea wagonjwa na wazee, na wakasema wataileta, haina uzito kwao. Limi alikataa. Alisema amekuja kumwona mjukuu na hataki kuingia kwa wakwe amelala chali. Wema akamfunga kitenge kiunoni, akashika ncha zake kwa nyuma, akamwambia mama yake atazame visigino vya Jovitus tu, asitazame kitu kingine mpaka atakapoambiwa.

Walipanda hivyo, wakipumzika kila palipokuwa na jiwe la kukalia. Kila walipopumzika kulikuwa na mtu wa kumsalimia Wema, na aliyesalimia hakuishia kwenye salamu: alikuwa na neno la kumuuliza, mgonjwa wa kumweleza, sare ya shule ya mtoto aliyotaka ashonewe kabla ya Januari. Limi alikaa kwenye mawe hayo akipumua kwa shida na kumsikiliza mtoto wake akijibu kwa lugha ambayo yeye haijui. Alijibu bila haraka, kama mtu aliye nyumbani kwake.

Nyumba ilikuwa imejengwa kwenye kiwanja kilichochongwa ubavuni mwa mlima. Ukisimama uani unatazama juu ya paa la jirani, na jirani naye juu ya paa la mwingine. Bernadetha, mama yake Jovitus, mwanamke mwembamba aliyejifunga kanga mbili, aliwapokea kwa ndizi na maharage, akampakatisha Limi mjukuu wake kabla hajaketi vizuri. Mtoto alikuwa na paji la uso la Shilinde. Limi alimtazama sana, kisha akatazama nje, na kwa mara ya kwanza tangu wafike akaruhusiwa kuona alipo. Upande wa pili wa mto kulikuwa na Burundi. Moshi wa jioni wa huko ulikuwa unapanda sawasawa na moshi wa huku, na juu ukachanganyika. Bernadetha akamwambia dada yake aliolewa pale, akamwonyesha mti wa uani kwake, na kwamba zamani waliamkiana kila asubuhi kwa kuitana.

Siku zilizofuata wazee hao wawili walikaa pamoja uani wakichambua maharage, kila mmoja na Kiswahili chake cha sokoni. Bernadetha alimweleza waziwazi alivyofikiri siku mwanawe alipomleta msichana wa mbugani: kwamba huyu ataanguka, na atakapoanguka atarudi kwao. Na kweli alianguka. Aliteleza na ndoo akitoka kijitoni, maji yakamwagika yote, akakaa pale kwa muda, kisha akarudi kuteka tena. Hakusema. Ndilo lililomtia wasiwasi Bernadetha, kutokusema kwake. Alimwambia mkamwana wake kwamba huku asiyepaza sauti anaweza kufa na mguu uliovunjika hatua chache kutoka kwa watu. Basi kwa wiki kadhaa Wema alikuwa akiingia katikati ya migomba peke yake na kujifunza kuita. Mwanzoni sauti ilitoka kama ya kifaranga. Wakati Bernadetha anasimulia hayo, boga alilolikata Joyness kwenye shamba la juu lilimponyoka, likapita mbele yao kwa kasi, likaruka ukingo wa ua na kutoweka. Kutoka chini sauti ya mwanamume ikaita kwamba amelidaka, na kwamba watoto wake wanashukuru. Bernadetha hakuinua hata kichwa. Alisema ndivyo yanavyokwenda.

Ilikuwa alasiri moja, Wema akinyonyesha mlangoni, Limi alipomuuliza lile lililokuwa linamsumbua tangu barabarani.

"Ile sauti uliitoa wapi?"

Wema akafikiri. "Nilikuwa nayo, mayu. Ila kwetu nikiita, sauti inakwenda tu, inapotea mbugani. Nikadhani sina. Huku nikiita, mlima unanirudishia. Nikaisikia."

 Limi alikaa akimtazama mwanawe kama alivyolitazama lile bonde, bila kuthubutu kusogea. Alikuwa amemzaa, amemnyonyesha, amemkanda miguu na kuihurumia. Sasa alijua kwamba mashavu yale magumu ya miguu hayakuwa ya punda. Yalikuwa ya mtu anayekwenda anapotaka.

Shule zilipokaribia kufunguliwa Rogasian alianza kufunga mizigo. Limi akamwambia yeye atabaki. Wema alikuwa na mtoto mchanga, na msimu wa pili wa maharage ulikuwa unakuja. Rogasian aliuliza kuhusu magoti, na mama yake akamjibu kwamba magoti yamekwisha kuambiwa. Watoto waliondoka na jogoo mwingine waliyepewa na Bernadetha. Gari likapita salama barabarani, maana siku hiyo udongo ulikuwa umekauka.

Mwezi wa pili mvua zilipolainisha ardhi, Limi alikwenda shambani kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameshika jembe tangu utotoni, na ndiye aliyemfundisha Wema kulima. Alisimama alivyozoea, akainua jembe, na mguu wa chini ukaanza kumkimbia. Wema akamtua mtoto kwenye kitenge chini ya mgomba, akaja, akamshika mama yake mabega na kumgeuza taratibu mpaka uso wake ukaelekea juu ya mlima.

"Mlima usiupe mgongo, mayu. Simama hivi. Mguu mmoja juu, mmoja chini, halafu udongo uvute uje kwako."

Limi akasimama alivyoelekezwa. Ardhi ilikuwa karibu na uso wake, karibu sana, hata hakuhitaji kuinama. Aliweza kuona mizizi, na nyungunyungu mwekundu akirudi ndani, na juu zaidi mashamba ya watu wengine, na watu wenyewe wameinua majembe. Akapiga. Udongo ukashuka, mweusi na laini, ukamfunika miguu mpaka vifundoni. Akapiga tena.